Mshika Mbili: Je, Moja Humponyoka au Mkono Hupooza? Tahakiki ya Dai Juu ya Vyombo vya Mawasiliano na Umakini

1. Utangulizi

Wahenga walisema: Mshika mbili moja humponyoka. Methali hii haihitaji kufafanuliwa kwa msomaji wa Kiswahili, lakini twaomba iangaliwe upya kwa sababu ya jambo moja dogo lililomo ndani yake. Methali inanena juu ya kitu kinachoponyoka. Hainena neno lo lote juu ya mkono. Mkono ulioshika viwili ukapoteza kimoja ungali mkono mzima; kikiwekwa chini kimoja, cha pili chaweza kushikwa barabara.

Siku hizi tunasikia katika mahubiri, katika semina za vijana na katika vikao vya walimu mafundisho yanayofanana na methali hiyo, lakini siyo yenyewe. Tunaambiwa ya kuwa vijana wanaosoma huku wakisikiliza muziki, wakijibu ujumbe wa simu na kutazama video, wamekwisha kuharibika akili. Ya kuwa uwezo wao wa kutulia na kusikiliza umepotea. Na ya kuwa wataalamu wamelithibitisha jambo hilo. Yaani methali imegeuzwa, nasi tunafundishwa kwamba mshika mbili amepooza mkono.

Makala hii inakusudia kulipima dai hilo. Hatuandiki kama wataalamu wa saikolojia, bali kama walimu wa theolojia ambao kazi yao ya kila siku ni kuuliza andiko linasema nini hasa, na ni kitu gani ambacho msomaji amekiongeza. Kanuni hiyo tunayowadai wanafunzi wetu wanapofafanua Waraka kwa Warumi yatupasa kuitumia sisi wenyewe tunapotaja utafiti wa kisayansi. Tena jambo lenyewe si la mjadala mtupu. Vyuo vyetu vinatunga kanuni juu ya simu madarasani na katika ibada. Kanuni iliyojengwa juu ya shtaka lisilo la kweli haidumu, na inapodumu humwonea mwanafunzi.

2. Utafiti uliozaa dai

Mwaka 2009 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, Eyal Ophir, Clifford Nass na Anthony Wagner, walichapisha taarifa fupi iliyosomwa kote duniani. Walianza kwa kuwapa wanafunzi 262 karatasi ya maswali. Kila mmoja aliulizwa hutumia saa ngapi kwa wiki katika kila chombo: machapisho, televisheni, muziki, simu, ujumbe mfupi, barua za kompyuta na kadhalika. Tena aliulizwa, anapotumia chombo kimoja, ni mara nyingi kiasi gani hutumia na kingine wakati huo huo. Majibu yalijumlishwa kuwa kipimo kimoja. Kisha waliitwa wale wa pembeni tu: waliokuwa juu sana ya wastani, ambao tutawaita wachanganyaji wakubwa, na waliokuwa chini sana, ambao tutawaita wachanganyaji wadogo. Watu wa katikati, ambao ndio wengi, waliachwa.

Makundi hayo mawili yalipewa majaribio kadhaa. Katika moja walionyeshwa kwa muda mfupi mno mistatili myekundu kwenye kioo cha kompyuta, ikiwa imechanganywa na mistatili ya buluu. Picha iliondolewa, ikarudishwa, nao wakaulizwa kama kuna mstatili mwekundu uliogeuzwa. Mistatili ya buluu haikuwa na kazi yo yote ila kusumbua. Wachanganyaji wadogo waliipuuza. Wachanganyaji wakubwa walizidi kukosea kadiri ile ya buluu ilivyoongezeka. Katika jaribio jingine walitakiwa kubadili kazi: mara waseme kama tarakimu ni shufwa au witiri, mara waseme kama herufi ni irabu au konsonanti. Mtu angetazamia kwamba waliozoea kuruka huku na huku wangekuwa wepesi zaidi katika kuruka. Kumbe walichelewa kuliko wenzao.

Matokeo haya yana maana, nasi hatuyadharau. Lakini yafaa ijulikane kwamba watafiti wenyewe waliandika kwa tahadhari. Waliacha wazi swali la kipi kilitangulia: je, kuchanganya vyombo ndiko kulikopunguza uwezo wa kuchuja, au watu wenye mwelekeo wa kupokea kila kinachowajia ndio wanaovutwa kuchanganya vyombo? Tahadhari hiyo ndiyo iliyoanguka njiani, taarifa ilipotoka maabara ikaingia magazetini, na kutoka magazetini ikapanda mimbarani.

3. Yale yaliyoongezwa na wasomaji

Kwanza, uhusiano umefanywa kuwa chanzo. Afikaye hospitali ya misheni atakuta wagonjwa wengi kuliko sokoni, lakini hatasema ya kuwa hospitali ndiyo iliyowaletea ugonjwa. Utafiti wa mwaka 2009 uliwapima watu mara moja tu, jinsi walivyokutwa. Haukumfuata mtu tangu kabla hajaanza kuchanganya vyombo mpaka baada yake. Na mwaka 2013 David Sanbonmatsu na wenzake wa Chuo Kikuu cha Utah, waliowapima wanafunzi 310, waliona kwamba wanaochanganya mambo mara nyingi ni watu wenye haraka ya kutenda bila kufikiri na wenye kupenda misisimko. Yamkini, basi, tabia ilitangulia, na simu ikafuata.

Pili, jaribio la watu wachache limefanywa kuwa hukumu ya kizazi kizima. Katika kila jaribio la Stanford waliopimwa hawakufikia hamsini. Hesabu ndogo namna hiyo yaweza kuonyesha njia, lakini haiwezi kufunga mjadala, na kwa kweli haikuufunga. Mwaka 2013 Reem Alzahabi na Mark Becker wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan walipata kinyume katika suala la kubadili kazi: wachanganyaji wakubwa walikuwa wepesi zaidi. Mwaka huo huo Meredith Minear na wenzake hawakuona tofauti katika jambo hilo. Mwaka 2017 Wisnu Wiradhany na Mark Nieuwenstein wa Chuo Kikuu cha Groningen, Uholanzi, walirudia majaribio ya kwanza, wakakusanya na tafiti zilizotangulia na kuzijumlisha. Walichokipata ni uhusiano dhaifu. Na walipoondoa athari ya mazoea ya tafiti ndogo kuonyesha matokeo makubwa kuliko yalivyo, hata huo dhaifu haukubaki.

Haki yataka tuseme na upande wa pili. Mwaka 2018 Melina Uncapher pamoja na Wagner, yule yule wa mwaka 2009, waliupitia ushahidi wote. Walikiri kwamba matokeo hayakubaliani, lakini walionyesha kwamba pale tofauti inapoonekana, aghalabu ni wachanganyaji wakubwa walio nyuma. Mwaka 2020 Kevin Madore, Wagner na wenzao waliwapima vijana 80, wakaona kwamba wanaochanganya vyombo zaidi ndio ambao mawazo yao hupotea mara nyingi zaidi, na ndio wanaokumbuka kidogo zaidi. Jambo hili halipaswi kufichwa. Lakini huo nao ni uhusiano; hautuambii ni nani aliyemzaa mwenzake.

Tatu, imesahauliwa kwamba kipimo kilipima kitu fulani, wala si kila kitu. Kuipuuza mistatili ya buluu kwa muda mfupi mno si sawa na kuvumilia sura nzima ya nabii Yeremia. Tena karatasi ile ya maswali yategemea mtu akumbuke saa zake mwenyewe, na kila mmoja wetu anajua jinsi kumbukumbu hiyo inavyotudanganya. Zaidi ya hayo, kipimo huweka katika kapu moja mambo yasiyofanana: yule asomaye huku kwaya ikiimba redioni kwa sauti ya chini, na yule asomaye huku akibishana na watu watatu kwa ujumbe wa simu. Tutaonyesha hapa chini kwamba tofauti kati ya hao wawili ni kubwa.

Kwa ajili ya kasoro hizo tatu, mhubiri anayesema kwamba wataalamu wamethibitisha kuharibika kwa akili za vijana anasema lisilo kweli, ijapokuwa nia yake ni njema. Kwetu sisi Walutheri jambo hili si dogo. Amri ya nane yatukataza kumshuhudia jirani uongo, na Luther katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 anaifafanua kuwa yatutaka kumtetea jirani na kuyapokea mambo yake kwa upande ulio mwema. Vijana nao ni jirani zetu. Kuwatangaza kuwa wamepooza, kwa ushahidi usiotosha, ni kuwashuhudia uongo mbele ya kanisa. Tena ni kuwakatisha tamaa, maana aliyeambiwa kwamba mkono wake umekufa hajaribu tena kushika.

4. Yale yanayosimama

Je, tuseme basi kwamba hakuna neno? Hasha. Dai kubwa linapoanguka, dai dogo linabaki limesimama, nalo lina nguvu kuliko lile kubwa. Dai hilo dogo ni kwamba kufanya mambo mawili yanayohitaji fikira kwa wakati mmoja kuna gharama, na gharama hiyo hulipwa papo hapo, na karibu kila mtu, kijana kwa mzee.

Ushahidi wa jambo hili ni wa zamani kuliko simu za mkononi, kuliko hata televisheni majumbani. Mwaka 1927 Arthur Jersild huko Marekani aliwapa watu orodha za tarakimu, akawataka kwanza wazifanyie hesabu ya namna moja tu, kisha wapokezane hesabu mbili, moja baada ya nyingine. Walipopokezana walichelewa, ingawa kila hesabu peke yake waliiweza sana. Msomaji aweza kujaribu jambo kama hilo mezani pake. Ataje vitabu 27 vya Agano Jipya kwa mfuatano. Kisha ahesabu kurudi nyuma kutoka 27 hadi 1. Apime muda wa yote mawili. Halafu apokezane: ishirini na saba, Mathayo, ishirini na sita, Marko, na kuendelea. Ataona kwamba muda umezidi sana, na huenda akafika Wakolosai bila kujua yuko katika tarakimu gani. Vitabu hajavisahau, wala kuhesabu hajasahau. Kinachomgharimu ni kule kutoka huku na kuingia kule, na kurudi tena.

Sababu yake ilielezwa na Mwingereza A. T. Welford mwaka 1952, na wengi wameipima baada yake. Macho yetu na masikio yetu yaweza kupokea mengi kwa pamoja, lakini mahali pale ambapo akili huamua hili ni nini na nilijibuje, pana daraja la gari moja. Magari mawili yakifika pamoja, moja halina budi kungoja. Tunapodhani kwamba tunafanya mambo mawili pamoja, mara nyingi tunayapitisha darajani moja moja, kwa haraka, na kila mara lile linalongoja hupoteza kitu.

Ushahidi wenye kutisha zaidi unatoka barabarani. Mwaka 2001 David Strayer na William Johnston wa Chuo Kikuu cha Utah waliwafanyisha watu kazi ya mfano wa kuendesha gari, wengine wakiwa wanazungumza kwa simu. Waliokuwa wakizungumza walikosa kuona ishara nyekundu zaidi ya mara mbili ya kawaida yao, na walioiona walichelewa kuitikia. Kushika simu mkononi au kuzungumza bila kuishika hakukuleta tofauti. Kilichokuwa kimeondoka barabarani si mkono bali fikira. Lakini waliosikiliza redio au kitabu kilichorekodiwa hawakuathirika namna hiyo. Ndiyo maana tulisema kwamba yule wa kwaya ya redioni na yule wa mabishano si watu wa kapu moja. Kusikia ni kitu kimoja. Kutakiwa kujibu ni kingine.

Hata hivyo tusizidishe. Mwaka 2008 Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California kule Irvine, pamoja na Daniela Gudith na Ulrich Klocke wa Berlin, waliwapa watu kazi ya kujibu barua za ofisini na kuwakatiza kwa maswali. Waliokatizwa walimaliza upesi kuliko wasiokatizwa, na ubora wa kazi yao haukupungua. Ila walilipa kwa njia nyingine: uchovu wa nafsi, kuona muda unawabana, na uchungu. Kwa hiyo mtu asiyeonekana kupoteza cho chote katika kazi huenda anapoteza utulivu wake. Kwa wachungaji, ambao kazi yao ni kumsikiliza mtu mwenye huzuni bila kuonyesha haraka, hasara hiyo ya pili yaweza kuwa kubwa kuliko ya kwanza.

5. Jirani aliyeketi nyuma

Kuna utafiti mmoja ambao, kwa maoni yetu, ungestahili kutajwa mimbarani kuliko ule wa Stanford. Mwaka 2013 Faria Sana, Tina Weston na Nicholas Cepeda huko Kanada waliwaketisha wanafunzi katika mhadhara mmoja juu ya hali ya hewa. Nusu yao walitakiwa, huku wakiandika maelezo katika kompyuta, watafute na mambo mengine yasiyohusu somo. Katika mtihani walipata kiasi cha alama 11 kwa mia pungufu ya wenzao. Hilo lilitazamiwa. Lakini katika jaribio la pili waliwapima wanafunzi wasio na kompyuta kabisa, wenye kalamu na karatasi, ambao kosa lao lilikuwa moja tu: waliketi nyuma ya watu waliokuwa wakichezea kompyuta. Hao walipata kiasi cha alama 17 kwa mia pungufu ya wale walioketi pasipoonekana vioo hivyo.

Yatupasa kuupima utafiti huu kwa kipimo kile kile tulichowapimia wengine. Waliopimwa hawakuwa wengi, na mhadhara ulikuwa mmoja. Hatutasema, basi, kwamba hasara ya jirani daima huzidi hasara ya mwenye kosa. Lakini tofauti na ule wa Stanford, hapa watafiti waliwagawa watu wenyewe, hawakuwachukua jinsi walivyo. Kwa hiyo swali la kipi kilitangulia limejibiwa. Nao umetufundisha jambo ambalo mijadala yetu haikuligusa. Tumezoea kuliona suala la simu kuwa suala la mtu na akili yake mwenyewe: anajidhuru, na shauri lake. Kumbe kioo kinachong'aa mbele ya macho ya mwenzangu kinachukua kitu kilicho chake. Ada aliyolipiwa na usharika wake, tena kwa michango ya watu wenye kipato kidogo, naimega mimi bila kujua.

Wala mtu asijitetee kwa kusema kwamba yeye ana uwezo kuliko wengine. Katika utafiti wa Sanbonmatsu tulioutaja, watu 70 kwa mia walijiona kuwa juu ya wastani katika kufanya mambo mengi pamoja, jambo ambalo haliwezekani kwa hesabu. Zaidi ya hayo, waliozoea sana kufanya hivyo ndio waliopimwa wakaonekana kuwa na uwezo mdogo wa kufanya hivyo. Sisi tuandikao tunakiri kwamba tumo katika hao. Tumewahi kusahihisha mitihani huku tukijibu ujumbe wa kamati ya michango ya harusi, tukajumlisha alama za mwanafunzi mmoja mara tatu na kupata majibu matatu. Na muda wote huo tulikuwa na hakika kwamba tunaiweza kazi. Ni nani basi atakayeanza kumshtaki kijana?

6. Martha, na kinyozi wa Wittenberg

Tukirudi kwenye taaluma yetu, tunaona kwamba Maandiko yalikwisha kulijua jambo hili, na kwamba yanalisema kwa kiasi kile kile cha methali, pasipo kuzidisha. Luka anaposimulia habari za Martha (Lk. 10:38-42) anatumia kitenzi cha Kiyunani perispao, ambacho maana yake ya asili ni kuvutwa pande zote. Neno la mzizi huo huo, likiwa limekanushwa, analitumia Paulo katika 1 Kor. 7:35 anaponena juu ya kumtumikia Bwana bila kuvutwa huku na huku. Martha hakuwa mvivu wala mtu wa anasa. Alivutwa na utumishi. Hapa ndipo tunapomkuta mwanafunzi wetu wa leo. Simu inayotetemeka mfukoni mwake wakati wa kipindi aghalabu haina mchezo ndani yake. Ina mama mgonjwa kijijini, ina mke anayeuliza karo ya mtoto, ina fedha ya M-Pesa inayongojwa dukani. Anayemhukumu kana kwamba anacheza hamjui.

Lakini tuangalie na jambo la pili. Bwana hakumwambia Martha kwamba ameharibika. Alimwita kwa jina lake, mara mbili, akamwonyesha kwamba wakati ule ulikuwa na jambo lake moja. Na Martha huyu huyu ndiye ambaye katika Injili ya Yohana (Yoh. 11:27), katikati ya msiba wa ndugu yake, anatoa ukiri wa imani ulio mkubwa kama wa Petro. Mkono wake haukuwa umepooza.

Luther naye aliligusa jambo hili, tena kwa mfano wa kazi ya mikono. Mwaka 1535 alimwandikia kinyozi wake, Bwana Petro wa Wittenberg, kitabu kidogo juu ya namna rahisi ya kusali. Humo anamkumbusha kwamba kinyozi mwema hukaza macho na fikira katika wembe na nywele, naye hujua daima amefika wapi; akitaka kuzungumza sana na kuangaza huku na huku, aweza kumkata mtu pua, hata koo. Ikiwa kazi ya wembe yataka mtu mzima, asema Luther kwa maana hiyo, sala je? Tunaona katika mfano huu mambo mawili yanayolingana na ushahidi tulioupitia. Anayeumia kwa kinyozi asiyetulia ni yule aliyeketi kitini, yaani jirani. Na dawa yake si kumtupa kinyozi. Ni kumwambia arudishe macho yake kwenye wembe.

7. Hitimisho

Tumeonyesha kwamba dai la kuharibika kwa akili za vijana limezidi ushahidi wake. Kwamba utafiti lililojengwa juu yake ulikuwa mdogo, ulionyesha uhusiano tu, na haukuthibitika vema uliporudiwa. Tumeonyesha pia kwamba gharama ya kufanya mambo mawili kwa pamoja ni ya kweli, hulipwa wakati ule ule, na mara nyingine hulipwa na asiyehusika. Hili la pili linatosha kuwa msingi wa kanuni za vyuo vyetu. Hatuhitaji kuongeza la kwanza.

Kutokana na hayo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, simu zizimwe wakati wa mhadhara na ibada, na sababu itakayotajwa iwe ni jirani, wala si ugonjwa wa akili. Anayesoma Biblia yake kwenye simu, kwa kuwa hana nyingine, aruhusiwe, lakini aifunge milio na ujumbe, na aketi mahali ambapo kioo chake hakimvuti mwenzake. Pili, uwepo muda unaojulikana kati ya vipindi wa kusoma na kujibu ujumbe, na pawepo njia ya kumfikia mwanafunzi katika dharura kwa kupitia ofisi, ili yule mwenye mama mgonjwa asilazimike kuchagua kati ya wajibu wake wawili. Tatu, na hili ndilo gumu, kanuni hiyo iwafunge walimu kwanza. Mwanafunzi anayemwona mkufunzi akijibu ujumbe katikati ya kikao cha kumshauri amekwisha kupata somo lake.

Mwisho, twawasihi ndugu zetu wahubiri waiache methali ikae jinsi wahenga walivyotuachia. Ni kweli, na inatosha. Inamwambia kijana kwamba kilichoponyoka kilikuwa na thamani, na kwamba anao mkono wa kukiokotea.